Sura ya Sita: Seneta Mwenye Mizani Moja

Mtu aliyepewa dhamana ya kukagua ghala la serikali anajua pa kuanzia: atahesabu magunia, atayapima, atalinganisha na hati za kununulia, na ikipungua frasila moja atauliza iko wapi. Walakini mtu huyo huyo akikabidhiwa daftari la fedha zilizolipwa kwa utafiti ambao matokeo yake hayakujulikana siku mkataba ulipotiwa saini, au kwa mtambo ambao mfano wake haujapata kuundwa popote duniani, hana gunia la kuhesabu, na aghalabu hukimbilia lililo karibu na mkono wake, yaani kuuliza ni kiasi gani kilichotumika kupita makadirio, na ni faida gani iliyoonekana mpaka leo. Maswali hayo mawili ni ya haki. Taabu ni kwamba la kwanza huufaa uhandisi kuliko utafiti, na la pili hutegemea mno hiyo leo imewekwa wapi. Na katika sura hii nakusudia kueleza jinsi Marekani, taifa lililomwaga fedha nyingi katika mambo haya baada ya Vita Vikuu vya Pili, lilivyoyauliza maswali hayo kwa ukali, likapata majibu yaliyopingana, na jinsi sehemu ya kisa hicho ilivyotufikia mpaka Unguja kwa njia ya mbung'o.

Anayestahili kutangulizwa ni William Proxmire, aliyeingia katika Seneti kuliwakilisha jimbo la Wisconsin mwaka 1957 na kukaa humo zaidi ya miaka 30. Katika chaguzi zake mbili za mwisho alikataa michango ya kampeni, na mali ya umma aliifanyia ubahili kuliko wengi wanavyoifanyia mali yao wenyewe. Kwa subira hakuwa na mfano: tangu mwaka 1967, kila siku Seneti ilipoketi, alisimama na kulisihi taifa lake liridhie mkataba wa kimataifa wa kuzuia mauaji ya kimbari, na hakunyamaza hadi liliporidhia mwaka 1986. Nayataja haya mapema ili msomaji asije akadhani, tutakapofika mahali alipoteleza, kwamba alikuwa mtu wa mzaha au mtafuta sifa tu.

Kabla ya kumwona kazini, sharti tufahamu namna serikali inavyomlipa mkandarasi. Fundi mwashi anaweza kuitwa kujenga nyumba kwa bei iliyokatwa siku ya mapatano, na hapo saruji ikipanda bei hasara ni yake. Au anaweza kuambiwa ajenge, kisha alipwe kila alichotumia na ujira juu yake, na hapo hasara yote ni ya mwenye nyumba. Katika Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya Marekani iliwalipa wakandarasi wengi gharama zao pamoja na asilimia fulani ya gharama hizo hizo, maana yake ni kwamba aliyetupa misumari alipata faida kubwa kuliko aliyeitunza. Na ubaya huo ukawa bayana kiasi cha kupigwa marufuku katika sheria ya manunuzi ya majeshi ya mwaka 1947. Ukabaki mtindo wa kulipa gharama pamoja na ujira usiobadilika, ambao haumvuti mtu kufuja, ila haumpi sababu kubwa ya kubana. Kwa utafiti sioni mtindo ulio bora kuliko huo, kwani hapana mwenye akili atakayekata bei ya kugundua jambo asilolijua. Lakini kwa kuunda ndege, ambayo wahandisi wanaijua nusu na nusu hawaijui, ndipo mabishano yalipo.

Mwaka 1965, Robert McNamara akiwa Waziri wa Ulinzi na wizara yake imejaa watu wa hesabu, Jeshi la Anga lilijaribu dawa mpya. Ndege ya mizigo ya C-5A, iliyokusudiwa kuwa kubwa kuliko zote zilizopata kuruka, ingenunuliwa kwa mkataba mmoja kuanzia mchoro hadi ndege ya mwisho, ili mkandarasi asipate kutoa zabuni ya chini kwa ajili ya ndege za majaribio, kisha, washindani wakishatawanyika, akajipandishia bei katika zile zinazofuata. Kampuni ya Lockheed iliwashinda Boeing na Douglas, kazi ikapelekwa kwenye kiwanda cha Marietta katika jimbo la Georgia, na idadi ikawekwa kuwa ndege 115, yaani 58 za fungu la kwanza na 57 za fungu la pili. Juu ya karatasi, hasara yoyote ilikuwa ya mkandarasi. Lakini ndani ya mkataba huo ilikuwamo kanuni ya kukokotoa bei ya fungu la pili kwa kutazama gharama halisi za fungu la kwanza, na kanuni hiyo, iliyotiwa humo ili kumwokoa mkandarasi na balaa asilolitarajia, ilikuwa na maana kwamba kadiri gharama za mwanzo zilivyozidi, ndivyo bei ya baadaye ilivyopanda. Yaliyokatazwa na sheria mwaka 1947 yakawa yamerudi kwa njia ya hesabu, na waliotia saini walikuwa watu waliojisifu kwa kujua hesabu.

Novemba 1968 Proxmire, akiongoza kikao cha kamati ndogo ya uchumi ya Bunge, alimwita Ernest Fitzgerald, mtaalamu wa gharama aliyeajiriwa na Jeshi la Anga lenyewe, akamwuliza kama ni kweli kwamba C-5A ingepita makadirio yake kwa kiasi cha dola bilioni 2. Fitzgerald hakukana. Jibu hilo, ambalo mtumishi mwingine angelizungusha hadi likapoteza maana, lilimgharimu kazi yake: wadhifa wake ulifutwa kwa hoja ya kubana matumizi (na sijui kama katika historia ya hazina yoyote hoja hiyo imepata kutumika kwa dhihaka kubwa kuliko hapo), naye akahangaika hadi mwaka 1973, ndipo tume ya utumishi ilipoamuru arudishwe. Idadi ya ndege ikapunguzwa kutoka 115 hadi 81. Fauka ya hayo, kwa kuwa mkataba ulishurutisha uzito, masafa na bei kwa pamoja, bila kuwaachia wahandisi nafasi ya kutoa hapa wakaongeza pale, uzito ulipunguzwa katika mbawa. Mbawa zikatoa nyufa mapema, na katika miaka ya 1980 ndege hizo zikawekewa mbawa mpya kwa fedha za umma.

Wapo waliomjibu Proxmire kwamba Oktoba 1973, vita vilipozuka Mashariki ya Kati, ni C-5A zilizobeba vifaru na zana nzito hadi Israel, na kwamba ndege za ukoo wa C-5 zinaruka hadi leo. Jibu hilo, kwa maoni yangu, linachanganya hesabu mbili zisizohusiana. Manufaa ya chombo hayafuti israfu iliyofanyika katika kukiunda, wala israfu peke yake haithibitishi kwamba chombo hakikuhitajika. Mkataba wa uhandisi una mchoro, una tarehe, una idadi na una bei. Anayeuvunja anaweza kuulizwa angali hai na stakabadhi zingali mezani, na seneta aliuliza wakati ufaao, akamwuliza aliyejua. Hadi hapo sina la kumlaumu.

Sasa tugeukie utafiti, ambako njia ni nyembamba. Miaka michache kabla ya kisa cha C-5A, Wizara ya Ulinzi ile ile ilikuwa imejiuliza kama fedha ilizowapa wanasayansi tangu vita kwisha, vyuoni na katika maabara zake yenyewe, zilileta faida yoyote katika silaha inazozitumia. Mwaka 1963 ukaanzishwa uchunguzi ulioitwa Hindsight, chini ya Chalmers Sherwin na Raymond Isenson. Vikundi vya wanasayansi na wahandisi vilichukua silaha na vyombo 20, miongoni mwavyo kombora la Minuteman, kombora la Polaris, torpido ya Mark 46 na ndege ya mizigo ya C-141, iliyoundwa kule kule Marietta. Wakakilinganisha kila kimoja na kile kilichokitangulia, wakauliza ni jambo gani jipya lililokifanya kiwe bora, kisha wakarudi nyuma hatua kwa hatua kutafuta nani alilibuni, lini, kwa fedha za nani na kwa kusudi gani. Kila jambo la namna hiyo waliliita tukio, na jumla wakapata matukio kama 710.

Asilimia 91 ya hayo yalikuwa ya teknolojia, na 9 tu ndiyo yaliyostahili kuitwa sayansi. Tena katika hizo 9, karibu zote zilikuwa sayansi iliyofanywa kwa haja maalumu ya ulinzi. Ama ile inayofanywa kwa kutaka kujua tu, pasi na haja iliyotajwa, ilipata asilimia 0.3, yaani matukio 2 katika 710. Matokeo yalipochapishwa katika jarida la Science mwaka 1967, vyuo vikuu vilipata mshtuko usiokuwa mdogo, maana hoja waliyoizoea, kwamba lipeni fedha, tuacheni tufikiri, na matunda yatakuja yenyewe, ilikuwa imepimwa na mlipaji mwenyewe ikaonekana karibu haina uzito.

Mimi nauheshimu uchunguzi huo kuliko wengi waliousema vibaya. Waliufanya kwa kuwahoji watu waliotenda na kusoma karatasi zilizoandikwa, hawakukaa mezani wakaulizana maoni. Na jambo walilolithibitisha, kwamba mhandisi mwenye tatizo mkononi hutumia zaidi elimu iliyokwisha kupangwa vitabuni kuliko makala ya jana, ni kweli na lina manufaa. Ila msomaji atazame mahali walipoweka mipaka ya daftari lao. Kwanza, walirudi nyuma kiasi cha miaka 20 tu, hadi mwisho wa vita, na jambo lililogunduliwa kabla ya hapo halikuhesabiwa. Pili, na hili ni la ndani zaidi, walihesabu tofauti baina ya chombo kipya na cha zamani; kwa hiyo kila elimu iliyotumika katika vyote viwili ilijifuta yenyewe. Kanuni za umeme na sumaku alizoziandika James Clerk Maxwell katika karne ya 19 zimo ndani ya kila rada, lakini zilikuwamo pia ndani ya rada iliyotangulia, basi katika hesabu ya Hindsight Maxwell akatoka na sufuri. Sherwin na Isenson hawakuwa wajinga wa jambo hili. Walikiri wazi kwamba katika muda wa miaka 50 au zaidi sayansi isiyo na haja maalumu imekuwa na thamani isiyokadirika. Lakini ungamo la mwandishi halisafiri mbali kama tarakimu yake, na kilichoshikwa na wanasiasa ni ile 0.3.

Jawabu lilitoka kwa taasisi ya serikali inayogharimia sayansi, ambayo nayo, tusisahau, ilikuwa na mkate wake wa kuulinda. Mwaka 1968 taasisi ya utafiti ya IIT huko Chicago, kwa malipo ya taasisi hiyo ya serikali, ilimaliza uchunguzi ulioitwa TRACES. Safari hii vilichaguliwa vitu vitano vya maisha ya raia, kama kidonge cha uzazi wa mpango, hadubini ya elektroni na mashine ya kurekodi picha katika utepe, na wachunguzi wakaruhusiwa kurudi nyuma miaka 50 na zaidi. Walipata matukio kama 340, na asilimia 70 kati yake yalikuwa ya utafiti usiokuwa na haja maalumu, mengi yakiwa yamerundikana miaka 20 hadi 30 kabla ya kitu chenyewe kupatikana; maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mali yao ilikuwa nje kidogo tu ya mahali ambapo wenzao wa Hindsight waliufunga mlango.

Kutoka asilimia 0.3 hadi asilimia 70 ni mbali. Hata hivyo sioni ushahidi kwamba upande wowote ulidanganya. Wa kwanza walichagua silaha, wakahesabu nyongeza, wakakata kamba mwaka 1945. Wa pili walichagua vitu ambavyo vilijulikana tangu mwanzo kuwa vina mizizi mirefu katika sayansi, wakaifuata mizizi hiyo hadi ilipokwisha. Tena wote wawili walishiriki dosari moja isiyoweza kuepukwa: walianza na vitu vilivyofanikiwa, wakarudi nyuma, kwa hiyo fedha zilizoliwa na utafiti usiozaa chochote hazikuonekana katika daftari la yeyote. Mfanyabiashara anayehesabu majahazi yaliyofika tu, asiyahesabu yaliyozama, hatajua kamwe kama msimu ulikuwa wa faida.

Katika hali hiyo ya mabishano ndipo Proxmire aliporejea, mwaka 1975, na kuanza kutoa kila mwezi tuzo ya kejeli aliyoiita Ngozi ya Dhahabu, kwa ofisi ya serikali iliyofuja fedha kwa namna ya ajabu kuliko zote. Ya kwanza iliiangukia ile ile taasisi ya sayansi, kwa kutoa dola 84,000 ili kuchunguza kwa nini watu hupendana. Umma ulicheka, na nakiri kwamba jambo lenyewe lina la kuchekesha. Tuzo nyingi baada yake zilizipiga ofisi zilizostahili kupigwa, lakini alipoligeukia suala la utafiti seneta alitumia kipimo kile kile cha C-5A: anwani ya kazi, kiasi cha fedha, na swali la nini kimeonekana. Tuzo moja iliwaandama waliogharimia uchunguzi wa namna nyani wanavyokaza taya wanapokasirika. Kati ya waliolipa walikuwamo wakuu wa safari za anga na jeshi la majini, ambao walikuwa na sababu ya kutaka kujua hasira hukuaje kwa viumbe waliofungiwa pamoja mahali padogo kwa muda mrefu. Mtafiti alishtaki, shauri likafika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1979 majaji wakaamua kwamba kinga ya mbunge inalinda anayoyasema ndani ya Bunge, haimfuati katika barua na taarifa anazozitawanya nje. Mwishowe walipatana kwa dola 10,000. Uamuzi huo ulikuwa wa sheria. Haukusema lolote kuhusu kama uchunguzi wa taya ulistahili fedha zake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wa upande wa pili, wa fedha za utafiti ambazo hazikutumika. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka nchi hizi kwa wiki 9, na juu ya taarifa yao serikali ya Uingereza ikajenga mpango wa karanga wa Tanganyika, ambao uliteketeza kiasi cha pauni milioni 36 kabla ya kuachwa mwaka 1951. Kumbukumbu za mvua za Kongwa, ambako mashamba yalianzia, zilikuwa haba, na udongo wake, unaokauka ukawa mgumu kama sakafu mara mvua zikikatika, haukupimwa kwa misimu ya kutosha kabla ya matrekta kuagizwa. Shamba dogo la majaribio kwa miaka mitatu lingegharimu akali sana ya jumla hiyo, na laiti lingekuwapo, hapana shaka mkaguzi wa siku hizo angeliandika kuwa ni matumizi yasiyoleta kitu.

Narudi kwa nzi niliowaahidi. Mwaka 1927 Hermann Muller, katika chuo kikuu cha Texas, aliwapiga nzi wa matunda kwa mionzi ya eksirei akaonyesha kwamba mionzi hubadilisha urithi wao. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1946, na ng'ombe hawakutajwa ndani yake. Baadaye Edward Knipling na Raymond Bushland wa Idara ya Kilimo ya Marekani walikuwa wakihangaika na nzi wa namna nyingine, yule ambaye hutaga mayai katika jeraha la mnyama, na funza wake wakala nyama iliyo hai. Knipling aliona kwamba jike wa nzi huyo hupandwa mara moja tu maishani. Basi akawaza: ikiwa madume wangefanywa tasa wakaachiliwa kwa wingi mno, majike wengi wangepoteza nafasi yao ya pekee, na kizazi kingepungua hadi kikatike. Aliliwaza hilo miaka mingi bila kupata njia ya kuwafanya tasa, hadi alipoelekezwa kwenye habari za eksirei za Muller. Mwaka 1954 njia hiyo ikajaribiwa katika kisiwa cha Curaçao, na kwa muda wa miezi michache nzi wakaisha kabisa.

Huku kwetu, Unguja ilikuwa na mbung'o wa aina ya Glossina austeni, waliojificha katika vichaka na msitu wa Jozani na kuwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Dawa za kuua wadudu ziliwapunguza, hazikuwamaliza. Kuanzia mwaka 1994 madume waliolelewa na kufanywa tasa kwa mionzi katika taasisi ya utafiti wa mbung'o huko Tanga, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, walimwagwa kutoka kwenye ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Wenye ng'ombe wa maziwa wakaweza kufuga mahali ambapo zamani kufuga kulikuwa kucheza kamari. Sitaki kutia chumvi: bahari iliyokizunguka kisiwa ilifanya nusu ya kazi, na bara, ambako mbung'o huingia tena kutoka pori la jirani, hesabu haiji hivyo. Lakini nani angeweza, mwaka 1947, kukata kamba ya miaka 20 nyuma ya Muller na mbele yake, na kupata humo lita moja ya maziwa ya Unguja?

Na hesabu ya nzi wa vidonda yenyewe haijafungwa. Marekani na Mexico ziliendelea kuwasukuma nzi hao kusini, nchi baada ya nchi, hadi Panama, wakizuiwa pale kwa nzi tasa wanaozalishwa katika kiwanda cha Pacora. Na kwa kuwa walikuwa wameondoka Mexico, kiwanda kikubwa kilichokuwa katika jimbo la Chiapas kilifungwa, gharama zake zikasimama. Mwishoni mwa mwaka 2024 nzi wakapatikana tena kusini mwa Mexico. Mwaka uliofuata mpaka ukafungwa kwa ng'ombe hai kutoka Mexico, na serikali ya Marekani ikatangaza dola milioni 21 za kukigeuza kiwanda kingine, kilichoko Metapa katika jimbo lile lile la Chiapas, ili kizalishe nzi tasa kwa mamilioni kila wiki. Fedha hizo zimeingia katika makadirio ya mwaka 2025, ingawa kwa insafu sehemu yake ni bili ya kiwanda kilichofungwa.